Nira na Usukani

Kondoa ya miaka ya 1990 ilimpa bwana mifugo njia mbili za kumfikia ng'ombe mgonjwa: miguu yake au pikipiki ya mradi. Gari lilikuwepo, lakini lilikuwa la wakubwa na wageni, na siku nyingi lilikaa juu ya mawe likisubiri kipuri. Mimi nilirithi Honda XL 125 nyekundu kutoka kwa mwenzangu aliyehamishwa, na kwa pikipiki hiyo nikaijua wilaya: Kolo, Pahi, Haubi penye ziwa, Busi, Bereko ambako mwezi wa Julai mtu huvaa koti mchana, na Kwa Mtoro kule chini, zamani hizo Chemba haijakatwa kuwa wilaya yake.

Asiyejua habari za Kondoa atauliza kwa nini bwana mifugo azunguke kiasi hicho. Mwaka 1979 serikali iliiondoa mifugo yote kwenye vilima vya Irangi vilivyoliwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973. Ilikuwa hatua kali na wazee wa Irangi bado wanaisimulia kwa sauti mbili, ya shukrani na ya uchungu. Baadaye wakaruhusiwa ng'ombe wachache wa maziwa, wa kufugwa bandani na kukatiwa majani. Sasa, ng'ombe wa malishoni utamkuta na wenzake kwenye josho siku ya kuogesha. Ng'ombe wa bandani haendi popote. Daktari ndiye anayemfuata, banda kwa banda, kilima kwa kilima.

Barabara kubwa ipitayo Kondoa, ambayo wakoloni waliichora kuwa sehemu ya njia ya kutoka Cape hadi Cairo, ilikuwa ya changarawe mpaka lami ya kutoka Dodoma kwenda Babati ilipozinduliwa mwaka 2018. Kiangazi ilifanya mikunjo midogo midogo, mmoja baada ya mwingine, na kila mkunjo uliupokea kwa viganja. Ukitoka kwenye barabara kuu unaingia makorongo ya mchanga, na mchangani hukai; unasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, uzito unaurudisha nyuma kidogo ili gurudumu la mbele lisizame. Mimi ni mrefu. Nikisimama, usukani ulikuwa chini kule kama kwamba ni wa mtu mwingine, na mgongo ukakunjika, na mikono ikabeba kifua chote.

Ganzi ilianzia kidole kidogo cha mkono wa kulia. Ikapanda hadi nusu ya kidole cha pete. Miezi ikapita, ikaja na ile ya upande wa pili, gumba na shahada na kidole cha kati, hasa usiku. Nilikuwa naamka kukung'uta mikono gizani, mke wangu akiuliza kama kuna nge.

Wenzangu idarani walilichukulia jambo hilo kama sehemu ya mshahara. Huyu alishauri mafuta ya karafuu, yule tangawizi, wa tatu akasema ni baridi ya Bereko imeingia kwenye mifupa. Ningevumilia nami, kwani nani asiyeumwa kitu kazini, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya vidole. Ng'ombe wa maziwa aliyetoka kuzaa anaweza kuangushwa na homa ya maziwa: kalsiamu ya damu imeshuka, amelala, shingo ameigeuzia ubavuni, masikio ya baridi. Dawa yake ni kalsiamu ya chupa, nayo hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, polepole, maana ukiiharakisha moyo unasimama. Mshipa huo unautafuta kwa gumba. Unaubana, unangoja ujae, unauhisi ukirudi chini ya ngozi. Gumba lenye ganzi halihisi kitu. Nilikuwa nafika kwa mtu, mama wa nyumba amenishikia ndoo ya maji na sabuni, watoto wamejipanga mlangoni, ng'ombe anakata roho, na mimi nimesimama nasugua viganja nikingoja damu irudi.

Hapo ndipo nilipompelekea pikipiki fundi mmoja jirani na soko la Kondoa, mtu mzima asiyependa maneno. Nilikwenda kwa ajili ya mnyororo. Nikiwa pale nikamwambia habari za mikono, nikaongeza kwamba labda umri umeanza kubisha hodi. Akaendelea kufungua nati zake. Kisha akauliza:

"Daktari, dume la plau likitoka kidonda shingoni, unamlaumu dume au unaitazama nira?"

Nilinyamaza. Nira nilikuwa nafundisha mwenyewe, vijiji vizima: mti upimwe shingoni kwa mnyama, uchongwe mpaka ukae, usiwe na ukingo, na ndama asivishwe nira ya fahali mkubwa. Fundi yule alikuwa amehudhuria mafunzo hayo.

Akanipandisha kwenye pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi, kijana wake ameishika nyuma. "Fumba macho. Nyoosha mikono mahali inapotaka kukaa, usiitafute gripu." Nikafanya hivyo, na viganja vikakaa hewani, juu ya gripu na karibu zaidi na tumbo langu. Akanisimamisha juu ya vikanyagio, akanirudishia zoezi lile lile, na tofauti ikawa kubwa zaidi. Nimewaona tangu hapo wauzaji wa pikipiki wenye maduka ya vioo wakimpimia mteja kwa maneno mengi, na sijaona kipimo kinachoushinda huo wa kufumba macho.

Kabla ya kununua chochote alifanya jambo la bure. Mkono wa klachi na mkono wa breki vilikuwa vimeinuliwa juu mno, vidole vyangu vikilazimika kupanda ndipo vivishike, na kifundo cha mkono kikavunjika kuelekea nyuma safari nzima. Alilegeza bolti, akaviinamisha mpaka vidole vikawa mstari mmoja na mfupa wa mkono, akakaza. Dakika chache tu. Nusu ya usingizi wangu ilirudi kwa hilo peke yake, na mpaka leo mtu akiniuliza kuhusu ganzi ya pikipiki namwambia aanze hapo, kabla hajatoa hata shilingi.

Sababu yake iko ndani ya kiganja. Mishipa miwili mikubwa ya fahamu inaingia mkononi kwa njia mbili tofauti. Mmoja unapita katikati ya kifundo, kwenye tundu jembamba ambamo umebanana na kano za vidole. Huo ndio wenye gumba, shahada, kidole cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Kifundo kikikunjwa kwa muda mrefu, tundu linabana. Wa pili unapita pembeni, chini ya kile kinofu cha kiganja kilicho upande wa kidole kidogo, nao hauna ulinzi mwingi. Mtu akiegemea usukani kwa uzito wa kifua, anauegemea mshipa huo. Kwa hiyo ganzi yenyewe inakwambia pa kutazama: ya gumba inasema kifundo chako kimekunjika, ya kidole kidogo inasema unabeba mwili kwa viganja. Angalau kwangu ilisema kweli pande zote mbili.

Kuinamisha mikono ya breki na klachi kulitibu ganzi ya gumba. Ya kidole kidogo ilihitaji usukani uinuliwe. Vile vipande vya kuunyanyulia, ambavyo siku hizi vijana wa spea wanaviita raiza, havikuwepo Kondoa wala Dodoma mjini, au vilikuwepo na sikuwa na habari. Fundi akanituma Dodoma kwa mchonga vyuma mwenye mashine ya kukereza, na mchoro kwenye karatasi ya sigara: vipande viwili vya aluminiamu, vimo vyake sentimita tatu, vimetobolewa katikati, juu vimekatwa nusu duara kuupokea usukani na chini vimekatwa kukaa kwenye kibanio cha zamani. Usukani wa pikipiki nyingi za kazi una unene wa milimita 22 pale unaposhikwa, na aliuandika huo pia, kwa namba kubwa, akapigia mstari.

Nilichokipenda kwa mzee yule ni kwamba ukali wake wote aliuhifadhi kwa ajili ya bolti. Ukiinua usukani sentimita tatu, bolti za zamani hazifiki tena chini. Zinashika nyuzi mbili tatu na kukudanganya kwamba zimekaza. Alitaka bolti mpya zilizozidi kwa kimo kile kile, zenye alama ya 8.8 kichwani, na zizame kwenye chuma angalau kadiri ya unene wake na nusu yake. Kijana mmoja pale gereji alipendekeza wapange wasa nyingi chini ya kibanio kama walivyofanya kwa pikipiki fulani ya mmishonari. Fundi hakumjibu. Alimpa kazi ya kuosha kabureta. Kuna na wale wanaokata usukani na kuuchomelea bomba katikati ili upande. Chuma kilichounguzwa kwa moto wa kuchomelea hakina tena nguvu yake pembeni mwa ule mshono, na usukani ukikatika hukatika siku unapouhitaji.

Kisha zikaja waya. Hapa watu wengi hawafiki, maana usukani umeshapanda, umeipanda pikipiki, unajisikia kama waziri, unataka kuondoka. Waya wa klachi, waya wa mafuta na waya wa breki ya mbele zimekatwa kiwandani kwa urefu wa usukani wa kiwandani. Sentimita tatu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye ule ulegevu ambao uliachwa makusudi ili usukani uweze kugeuka. Fundi aliwasha injini akaiacha kwenye sailensa, akaugeuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, sikio ameliinamisha. Upande mmoja injini ikapandisha sauti yenyewe bila mtu kugusa mafuta. Maana yake ni kwamba nikikata kona kali pikipiki ingejiongezea mwendo. Akaupitisha waya wa mafuta njia nyingine, ndani ya foku, akarudia, sauti ikatulia. Wa klachi ulitosha baada ya kuuhamisha. Wa breki haukutosha, ukabadilishwa kwa mrefu zaidi, na mimi nikaenda kwa miguu mpaka ulipopatikana. Kwa pikipiki za leo zenye breki ya diski mbele, jambo hilo ni la kuogopwa zaidi, kwa sababu pale hakuna waya bali kuna bomba la mafuta ya breki, na bomba lililovutwa halilii wala halipigi kelele. Linachakaa kimyakimya kwenye maungio.

Gripu zilikuwa za mwisho. Zile nilizozikuta zilikuwa zimekauka kwa jua na kuwa ngumu, mistari yake imefutika, na mtetemo wa injini ya silinda moja ulipita ndani yake kama hakuna kitu. Nilinunua nyingine za mpira laini, nene kidogo. Nitasema wazi kile zinachoweza: gripu nzuri hupunguza ule mtetemo mwembamba wa injini, unaofanya viganja viwashe. Pigo la korongo halipunguzwi na gripu. Hilo ni la shokapu, la upepo wa tairi na la magoti yako. Kuna watu hubadilisha gripu kila mwaka huku foku zao hazina mafuta.

Wala gripu laini na nene sana si ya kila mkono. Baada yangu, dada mmoja wa ugani wa kilimo, mfupi, mwenye viganja vidogo, aliiga kila kitu changu, raiza na gripu nene, akaanza kuumwa mkono hadi kwenye kiwiko. Bila shaka: vidole vyake havikuweza kuzunguka ule unene, kwa hiyo alikuwa anauminya usukani muda wote ili usimtoke. Fundi akamvua vyote. Yeye alihitaji usukani uje karibu, si uende juu, basi akauzungusha kidogo kwenye vibanio ukaelekea nyuma, akamsogezea mkono wa breki karibu na vidole, akamrudishia gripu nyembamba. Nira ya fahali, nilimwambia, na fundi akacheka kwa mara ya kwanza nilivyomwona.

Katika kuvalisha gripu nilichangia nami kitu kidogo. Ya kulia ina tundu kubwa kuliko ya kushoto, kwa sababu huvaa juu ya lile bomba la plastiki linalozungushwa kuvuta mafuta, hivyo kwanza uzitenganishe. Mafundi wengine hupaka grisi ili ziingie, na zinaingia, ila grisi haikauki na siku ya mvua gripu inazunguka mkononi mwako kama unakamua chuchu. Kwenye begi langu la kazi nilikuwa na spiriti ya kusafishia vidonda. Ukiimimina ndani ya gripu, inateleza hadi mwisho, kisha spiriti inayeyuka hewani na mpira unashika. Wengine huongeza gundi, wengine huzungushia waya mwembamba na kuusokota, ncha zimeelekezwa mbali na kiganja. Upande wa kulia uache nafasi ndogo kati ya gripu na swichi, uvute mafuta, uachie: lazima yarudi yenyewe, kwa haraka, usukani ukiwa umenyooka na ukiwa umekatwa kila upande. Yasiporudi, pikipiki hiyo haijamalizika kutengenezwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu na nina nafasi ya kusoma, nilikutana na habari za Alice Hamilton, daktari wa Marekani aliyekwenda kwenye machimbo ya mawe ya Bedford, jimbo la Indiana, akawachunguza wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Ripoti yake ya mwaka 1918 ilionyesha vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi, na mkono ulioathirika zaidi ni ule uliokishika chombo. Nikawaza Bereko mwezi wa Julai. Nchi za Ulaya ziliandika sheria ya pamoja mwaka 2002 inayomlazimisha mwajiri kutathmini mtetemo unaoingia mikononi mwa mfanyakazi kwa siku ya saa nane na kuchukua hatua ukivuka kiwango. Huko, basi, mikono ya mchonga mawe na ya mkata miti kwa msumeno ina wa kuitetea. Ya bwana mifugo ilikuwa na tangawizi.

Ganzi yangu haikuondoka yote. Kidole kidogo cha kulia bado kizito nikiamka, na nadhani nitakufa nacho hivyo. Lakini nilipofika bandani gumba liliuona mshipa, na mchangani nilisimama wima, macho mbele, badala ya kuitazama taa. Kuna na bei yake: kwenye barabara iliyonyooka upepo ulinipiga kifuani zaidi kuliko zamani, na ningepandisha sentimita tano au sita nadhani ningepoteza uzito wa mbele unaolifanya gurudumu lishike. Sentimita tatu zilinitosha mimi, kwa urefu wangu, kwa pikipiki ile.

Siku hizi nikikaa kituoni nawatazama vijana wa bodaboda. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu pikipiki kubeba abiria kwa biashara, hawa ndio wanaokaa juu ya usukani kuliko mtu yeyote nchini, alfajiri hadi usiku. Pikipiki aina ya Boxer imepambwa maua, ina spika, ina bendera ya Simba au Yanga, kiti kimeshonwa upya kwa rangi mbili. Tazama mikono: gripu imelika mpaka inang'aa, au imefungwa tyubu ya baiskeli. Mkono wa klachi umeelekea mbinguni. Nikimuuliza kijana kama vidole vinakufa ganzi ananijibu, "Kawaida tu, mzee," na anaondoka na abiria wawili. Kijana huyo huyo anategemea vidole viwili vya mkono wa kulia kumzuia asiingie chini ya lori. Ninyi mafundi mnaoweka maua, wekeni na spana hapo juu mkiwa mmeshaanza, hailipishwi.

Na wale wanaoagiza pikipiki za umma nina neno nao. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale Dodoma ugawaji wa pikipiki 7,000 kwa maafisa ugani. Nilifurahi kwa moyo wangu wote, maana najua mkulima wa Busi anavyomngoja mtu. Lakini pikipiki zote zilizotoka kwenye kontena moja zina usukani wa kimo kimoja, na maafisa hawana kimo kimoja: kuna msichana wa miaka ishirini na nne aliyetoka chuoni jana, kuna baba mrefu anayebakiza miaka miwili astaafu. Kila halmashauri ina fundi wake. Siku ya kukabidhi funguo, kabla ya picha, afisa apandishwe kwenye pikipiki yake, afumbe macho, anyooshe mikono, na fundi awe pembeni na spana namba kumi na mbili.